Maswali ya Kila Asubuhi Kuhusu Mkate wa Kuchoma: Majibu Kutoka Meza ya Chai, Ngamiani, Tanga

Nauza chai ya asubuhi Ngamiani. Nina meza moja, mabenchi mawili, jiko la mkaa, na tosta ya umeme inayofanya kazi siku ikitaka. Maswali ya humu ndiyo ninayoulizwa na wateja huku wanasubiri chai, na ndugu wanaonipigia simu wakiwa wamesimama mbele ya jiko na moshi umeshaanza. Pale swali moja linapogusana na jingine, nimekuelekeza huko ili nisirudie.

## Mambo ya mwanzo

Tosti ni nini hasa? Si mkate uliopashwa moto tu?

Hapana. Mkate uliopashwa moto ukipoa unarudi kuwa mkate, tena mgumu kidogo. Tosti imeshageuka kitu kingine, na hairudi.

Kinachotokea ni hiki. Uso wa slesi una maji, na maji hayo yakiwa bado yapo joto lake haliwezi kupanda sana kupita nyuzi 100. Yakishakauka, joto linapanda, na likifika nyuzi 140 hivi za Selsiasi, sukari na vipande vya protini vilivyomo kwenye mkate huanza kuungana. Hapo ndipo rangi ya kahawia inapotoka, na ile harufu inayomfanya mpita njia apunguze mwendo. Aliyeueleza mwungano huo ni Mfaransa, Louis-Camille Maillard, mwaka 1912, na mpaka leo unaitwa kwa jina lake. Ndio huo huo unaozipa rangi nyama choma, kahawa iliyokaangwa na ukoko wa mkate.

Kwa hiyo kuchoma mkate kuna hatua mbili: kukausha, halafu kupaka rangi. Karibu kila kosa ninaloulizwa linatokana na mtu kutaka kufika ya pili bila kupita ya kwanza.

Niseme tosti, mkate wa kuchoma, au mkate wa kubanika?

Vyote vinaeleweka. Bibi yangu alisema kubanika, kwa maana ya kuweka kitu karibu na moto kikauke na kuiva bila mafuta, kama samaki anavyobanikwa. Kuchoma ndilo neno la wengi leo. Kuoka ni kazi ya bekari, na kukaanga kuna mafuta.

Angalia tu dukani: ukiomba tosti unaweza kupewa ile mikavu ya pakiti, yenye utamu kidogo, ambayo usipoichovya kwenye chai inaweza kukung'oa jino. Hiyo nayo imeokwa, ikakatwa, ikarudishwa ovenini hadi ikauke kabisa ndani na nje. Ni tosti kwa haki yake, lakini siyo ninayoizungumzia hapa.

Mkate gani unafaa zaidi?

Wa slesi, ule wa kopo wenye umbo la tofali, ni rahisi kwa sababu vipande vinalingana. Boflo lina ladha zaidi likipasuliwa kati kwa urefu na kuchomwa upande wa ndani peke yake, ukoko ukabaki laini. Mkate wenye sukari nyingi, pamoja na skonzi, unashika rangi haraka mno: nje umeshakuwa mweusi na ndani hata haujapata moto. Huo uweke mbali na makaa.

Unene mzuri ni kama wa kidole cha shahada. Mwembamba zaidi ya hapo unageuka biskuti.

Ukipita Lushoto ukabahatika kufika Irente, kuna mkate wa rai unaookwa huko shambani, mweusi na mzito. Huo unataka muda karibu mara mbili ya mkate mweupe, na unalipa.

Kwa nini unanichomea mkate wa jana? Wa leo si upo?

Swali hili huja na jicho kali, kama vile nimekamatwa naiba. Jibu langu ni lile lile: wa leo kula hivyo hivyo, wa jana ndio wa moto.

Mkate uliotoka bekari alfajiri umejaa maji. Ukiuweka motoni unatumia muda mwingi kutoa mvuke, unanywea katikati, na ukija kupata rangi umeshakuwa na ngozi ngumu nje na ndani kama ugali. Wa jana umeshapoteza unyevu kidogo na umejishika, unakatika bila kubomoka na unashika rangi sawasawa.

Halafu kuna jambo ambalo wengi hawalijui: mkate kuwa mgumu si kukauka tu. Hata ukiufunga usipoteze tone, wanga wake ulioiva bekari huanza kujipanga upya na kukakamaa. Joto linaufungua tena. Ndiyo maana slesi iliyokuwa kama kadibodi ikipita motoni inakuwa laini ndani. Huo ugumu wa jana unaondoka.

Tanga husemwa ni mji wa waja leo waondoka leo, na mikate inayoletwa hapa ni hivyo hivyo. Ila kila siku kuna miwili mitatu inayolala. Meza yangu imesimama juu ya hiyo.

Niuhifadhi kwenye friji ili usiharibike?

Friji ndiyo sehemu mbaya kuliko zote kwa ulaini wa mkate. Ule mpangilio wa wanga niliousema juu huenda kasi zaidi kwenye baridi ya friji kuliko mezani. Unachofaidi ni kuchelewesha kuvu tu. Kama ni wa kuchoma, si neno, kwa sababu moto utaurekebisha.

Kama una jokofu la kugandisha, kata slesi kwanza, zifunge, gandisha. Barafu inausimamisha mkate pale pale ulipofika. Asubuhi unaichukua slesi kama jiwe na kuiweka moja kwa moja kwenye tosta au kikaango, huhitaji kusubiri iyeyuke. Miezi ya masika, hewa ya Tanga ikiwa kama taulo bichi, hiyo ndiyo njia pekee ninayoiamini.

## Kuchoma kwenye moto

Nachomaje kwenye jiko la mkaa bila kuunguza?

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo palipo na kazi.

Usianze moto ukiwa mwekundu. Pika kwanza chai. Chai ikishachemka na kushushwa, makaa yatakuwa yamevaa jivu jeupe juu na ndani yanawaka taratibu. Huo ndio moto wa mkate: hauna ulimi, hauna moshi. Weka kiganja juu yake kwenye usawa wa wavu. Ukiweza kuhesabu moja hadi tano bila kukiondoa, weka mkate. Ukishindwa kufika tatu, subiri, au sukuma makaa pembeni.

Wavu ukae juu ya makaa kiasi cha upana wa vidole vinne. Mimi huweka mawe matatu madogo kwenye ukingo wa jiko ndipo nauweka wavu juu yake, kwa sababu majiko mengi kina chake ni kifupi. Panga slesi, usiondoke. Kwa nusu dakika ya kwanza hutaona kitu, isipokuwa mvuke mwembamba. Mvuke ukikoma, hesabu kumi, geuza. Upande wa pili huwa mwepesi zaidi kwa kuwa maji mengi yameshatoka, kwa hiyo usiupe muda sawa na wa kwanza. Kosa hilo nimeliona mara nyingi: upande mmoja dhahabu, wa pili lami.

Nageuza kwa vidole. Mgeni tumia koleo.

Usijaribiwe kupepea. Ukipepea jivu linaruka na kukaa juu ya mkate, na mteja akiung'ata anasikia mchanga. Na jambo la mwisho si la ladha: jiko la mkaa usiliingize chumbani ukafunga mlango, hata kama mvua inanyesha. Hewa yake haina rangi wala harufu, na inaua watu wakiwa wamelala.

Vifuu vya nazi vinafaa?

Vifuu vinafaa vikishakuwa makaa kabisa. Vina moto mkali na wa haraka, kwa hiyo inua wavu zaidi. Makumbi hayafai hata kidogo, yana moshi mzito na mkate unaunyonya wote. Samaki anaweza kustahimili ladha ile, mkate hauwezi.

Sina wavu. Nina kikaango na jiko la gesi tu.

Kikaango kizito, kikavu, moto mdogo. Kipashe moto dakika mbili kabla ya kuweka mkate, kisha bonyeza slesi kwa mgongo wa mwiko iguse chuma kote. Kila upande dakika mbili hivi. Ukipaka siagi upande wa chini unapata kitu kitamu zaidi, ila hapo umeshahama kutoka kuchoma kwenda kukaanga, na mimi sina ugomvi na hilo.

Slesi usiiweke juu ya ulimi wa gesi wenyewe. Itapata madoa meusi na katikati itabaki mbichi. Jiko la mafuta ya taa nalo lisikaribie mkate usiofunikwa: harufu itaingia na haitoki.

Na oveni?

Inafaa ukiwa na watu wengi. Washa moto wa juu, weka trei karibu nao, na usiende kujibu simu.

## Tosta ya umeme

Inachomaje, wakati sioni moto?

Ndani kuna nyaya nyembamba za mchanganyiko wa nikeli na kromiamu. Zinazuia umeme usipite kwa urahisi, kwa hiyo zinapata moto hadi zinakuwa nyekundu, na joto lake linaruka hadi kwenye mkate kama joto la jua linavyokufikia bila jua kukugusa. Mchanganyiko huo ndio uliowezesha tosta kuwapo: waya wa chuma cha kawaida ungekatika au kuliwa na kutu kwa joto lile. Albert Marsh wa Marekani ndiye aliyeupatia hataza, yaani haki ya uvumbuzi, mwaka 1906, na miaka 3 baadaye kampuni ya General Electric ilikuwa inauza tosta ya mezani. Ile ya kwanza ilichoma upande mmoja, ukageuza mwenyewe kwa mkono. Yaani bado ilikuwa jiko la mkaa, tofauti ni waya.

Ile inayorusha mkate juu yenyewe ni kazi ya Charles Strite wa Minnesota, aliyepewa hataza mwaka 1921. Nayo ilipata wateja wengi hasa baada ya mwaka 1928, mashine ya Otto Rohwedder ilipoanza kukata mikate ya kuuzwa kule Chillicothe, Missouri, maana tosta inataka slesi zinazolingana.

Ukikutana mtandaoni na habari ya Mskoti aliyeivumbua mwaka 1893, iache. Huyo mvumbuzi hakuwapo. Ilikuwa ni mzaha wa wanafunzi mwaka 2012, ukaaminiwa na watu wazima kwa miaka 10 mpaka mtoto wa shule alipoitilia shaka picha yake.

Namba zilizo kwenye kitufe ni dakika?

Si dakika. Ni kiwango cha rangi, na namba 3 ya tosta yako si namba 3 ya jirani. Tena raundi ya pili huchoma zaidi ya ya kwanza kwa namba ile ile, kwa sababu chombo kimeshapata moto. Punguza kidogo.

Umeme ukikatika katikati, mbona mkate unaruka juu?

Kile kitako kinachoshika mkate chini, kwenye tosta nyingi, kinashikwa na sumaku ya umeme. Umeme ukiondoka sumaku inakufa, springi inarusha mkate. Kwa sababu hiyo hiyo, tosta isiyochomekwa haikubali kushuka hata uibonyeze vipi. Wateja wangu wameshajua: mkate ukiruka mweupe, wanaangalia taa ya duka la mbele kabla ya kunilaumu.

Inamaliza umeme wa LUKU?

Ina nguvu nyingi lakini muda wake ni mfupi. Tosta ya wati 800 ikifanya kazi dakika 3 inatumia sehemu 4 kati ya 100 za uniti. Maana yake uniti moja inatosha raundi 25, ambazo ni slesi 50 kwa tosta ya matundu mawili. Pasi na birika la umeme ndio wa kuwalalamikia.

Mkate umenasa ndani. Niutoe kwa kisu?

La hasha. Zile nyaya zina umeme, si joto tu. Zima, chomoa waya ukutani, subiri ipoe, kisha igeuze juu chini na kuitikisa, au tumia kijiti cha mti. Chini kuna trei ya chenga: ivute uimwage kila wiki. Chenga zilizolala huko ndizo zinazotoa harufu ya kuungua hata mkate ukiwa mweupe, na siku moja zitawaka.

Ninunue ya mtumba?

Mimi nilinunua, na ninakushauri ufanye nisichofanya: ijaribu hapo hapo kwa slesi ya kweli. Niliyouziwa iliwaka vizuri, nyaya nyekundu pande zote, nikalipa. Nyumbani nikagundua haishiki chini. Mwezi mzima nilikuwa nasimama nimeibonyeza kwa kidole, jirani ananiuliza, "Shoga, hiyo nayo si afadhali wavu?" Alikuwa na haki. Angalia pia waya usiwe umechunika, na uulize voti: iliyotengenezwa kwa ajili ya Marekani ni ya voti 120, ukiichomeka kwetu kwenye 230 itakuaga.

## Kula

Siagi ipakwe lini?

Mara tu mkate unapotoka. Siagi iingie, isikae juu. Ila ukisubiri sekunde kumi na tano mvuke ukatoka kwanza, uso unabaki mkavu na unalia ukiung'ata. Slesi zikitoka usizilaze kwenye sahani moja juu ya nyingine: mvuke wa chini unailowanisha ya juu. Zisimamishe, ziegemeane kama kadi.

Na siagi si sawa na majarini ya kopo. Majarini haiyeyuki vile vile, na ladha yake mbele ya moto haifanani. Lakini kwa joto la Tanga inakaa mezani bila kuwa mchuzi, na bei yake inaeleweka. Ninazo zote mbili, mteja achague.

Huko Tanga mnaila na nini?

Chai ya maziwa yenye tangawizi, hiyo haina mjadala. Baada ya hapo kila mtu na lake. Wapo wa siagi na asali. Wapo wa jemu. Machungwa ya Muheza yakijaa sokoni natengeneza marmaledi: maganda yanakatwa nyembamba, yanalowekwa usiku kucha, yanachemshwa mpaka yalainike ndipo sukari iingie. Ukitangulia kutia sukari maganda yanabaki magumu hata ukichemsha hadi magharibi.

Maparachichi ya Lushoto yakipondwa vizuri na ndimu, chumvi na pilipili, vijana wanalipa bila kuuliza bei. Yai la kukaanga juu. Samaki wa kopo na kachumbari. Mzee mmoja hula tosti kavu, bila kitu, anaichovya kwenye chai ya rangi mpaka inakaribia kukatika, na hajawahi kuiangusha.

Maharage juu ya tosti si mambo ya Waingereza?

Wana yao, ya kopo, kwenye mchuzi mtamu wa nyanya, na wanaipenda kweli. Lakini mkate kwa maharage ya nazi, au mbaazi za nazi, ni chakula chetu cha asubuhi ambacho hakuna aliyetuletea. Kitu kipya ni kuuchoma mkate huo kwanza. Jaribu: boflo la jana, lipasue, lichome upande wa ndani, miminia mbaazi zenye tui zito. Uso uliochomwa unachelewa kulowa, kwa hiyo unakula hadi mwisho ukiwa bado una kitu cha kung'ata.

Mnatengenezaje slesi za mayai?

Kwanza tuelewane jina. Ukisema mkate wa mayai kwa mtu wa Unguja, na hata kwa wengi wa hapa, atafikiri keki ile nyepesi ya mayai na sukari inayookwa. Ninayoisema hapa ni slesi iliyochovywa kwenye mayai na kukaangwa, ambayo Wafaransa wanaiita kwa maneno yenye maana ya mkate uliopotea, yaani uliokuwa utupwe.

Kwa slesi nne za jana: mayai mawili, robo kikombe ya tui zito au maziwa, kijiko kikubwa cha sukari, iliki ya kusaga kiasi cha kushika kwa vidole viwili, na chumvi kidogo. Piga vichanganyike. Lowesha kila upande kwa kuhesabu hadi kumi, usizidishe. Kaanga kwa siagi au samli, moto mdogo, maana sukari na yai vinaungua kabla ndani hakujaiva. Mkate wa leo hapa hauwezi, unararuka mkononi. Sababu iko kwenye swali la mkate wa jana.

Tui linashinda maziwa. Hilo nitalisimamia hadi mahakamani.

Mkate wa ufuta nao ni tosti?

Si tosti, ila ni binamu yake. Donge jepesi la unga, hamira na tui linatandazwa kwenye chuma, likishika chini linanyunyiziwa ufuta, kisha chuma kinapinduliwa uso wa mkate utazame makaa. Hiyo rangi ya juu na ufuta uliobanikika vinatokana na moto wa kutazamana, sawa na wa tosta. Ramadhani ukipita vichochoro vya Ngamiani jioni utaipata harufu kabla ya kumwona mpishi.

## Afya, na yale ninayoulizwa kwa sauti ya chini

Nina kisukari. Nimeambiwa mkate ukichomwa sukari inaungua.

Haiungui. Wanga uliomo kwenye slesi karibu wote unabaki. Kuna majaribio madogo yaliyoonyesha kwamba mkate mweupe uliogandishwa na kisha kuchomwa unapandisha sukari ya damu polepole kidogo kuliko ule mbichi, lakini hilo si ruhusa ya kula slesi sita. Kinachobadilisha zaidi ni aina ya mkate, idadi ya slesi, na unachoweka juu. Kwa kiasi chako muulize anayekutibu, si mimi muuza chai.

Basi hainenepeshi?

Slesi inakuwa nyepesi mkononi kwa sababu maji yametoka. Nguvu iliyomo ni ile ile, na siagi inaongeza.

Iliyoungua inaleta saratani?

Mwaka 2002 watafiti wa Sweden walitangaza kuwa vyakula vya wanga vikipikwa kwa moto mkali bila maji hutengeneza kemikali iitwayo akrilamaidi. Imewadhuru wanyama wa maabara kwa vipimo vikubwa. Kwa binadamu, kiasi kinachopatikana kwenye chakula hakijathibitishwa kuleta saratani, ila wataalamu wanashauri kuipunguza. Kadiri mkate unavyokuwa mweusi ndivyo inavyozidi. Mwaka 2017 mamlaka ya chakula ya Uingereza iliwaambia watu wachome hadi rangi ya dhahabu, waishie hapo.

Ushauri huo unafanana na wa ulimi. Slesi moja iliyozidi haikumalizi, ikwangue kwa kisu. Iliyo nyeusi hadi ndani mpe moto umalize ulichoanza.

Kuna anayesema mkate ulioungua unanyonya sumu tumboni, kama mkaa wa hospitali.

Mkaa wa hospitali umetengenezwa maalumu ukawa na vitundu visivyohesabika vya kukamata sumu. Mkate mweusi hauna hivyo. Mtu akinywa sumu apelekwe hospitali mara moja, asikae akichomewa mkate.

Mkate umeota kuvu kidogo pembeni. Nikikata na kuuchoma si unakuwa salama?

Utupe. Madoa unayoyaona ndiyo matunda yake. Nyuzi zake zimeshapita ndani ya mkate laini bila kuonekana. Moto wa tosta unaweza kuwaua fangasi wenyewe, lakini baadhi ya sumukuvu wanazoacha hazivunjwi na joto hilo. Na usinuse kwa karibu kuhakikisha. Mkate wa jana ninaousifu humu ni mkate mzima uliolala, si mkate mgonjwa.

## Mengineyo

Kwa nini ikianguka hulalia upande wa siagi?

Watoto wa shule ndio wanaouliza, na si bahati mbaya ya mtu. Robert Matthews wa Uingereza aliandika hesabu zake mwaka 1995. Slesi ikiteleza ukingoni mwa meza huanza kujigeuza, na kwa urefu wa meza za kawaida inapata muda wa kumaliza nusu mzunguko tu kabla ya kufika chini. Ilikuwa imetazama juu, inafika imetazama chini. Uzito wa siagi hauna neno. Ungetaka meza yenye urefu wa karibu mita 3 ili ijigeuze kamili. Mimi nimeona nafuu kuweka sahani yenye kingo.

Naweza kuchoma usiku nikale kwenye daku, au nifungashe kwa safari?

Kwa daku, choma saa hiyo hiyo, ni dakika tatu. Ya usiku itakuwa kama ngozi, kwa kuwa mkate mkavu unavuta unyevu wa hewa yetu. Kwa safari, kama unatoka stendi ya Kange kwenda Dar, iache ipoe kabisa kwenye wavu ndipo uifunge, kwenye karatasi na si mfuko wa plastiki. Siagi weka kando. Ikilowa, ipashe tena: kuipasha inaruhusiwa mara moja, ya pili ni mbao.

Slesi za mwisho, zile za ukoko ambazo hakuna anayezitaka, nazifanyia nini?

Zikaushe kwa moto mdogo mpaka ziwe na sauti ukizigonga, zipoe, zitwange kwenye kinu, chekecha. Hizo chenga za kuvika katlesi: kiazi kilichopondwa na nyama, chovya kwenye yai, garagaza kwenye chenga, kaanga. Chenga zinazobaki weka kwenye chupa kavu yenye mfuniko. Yangu iko chini ya meza, karibu na makaa, na ikijaa wateja wanajua kwamba jioni kuna katlesi.